Kosa la tiba mtandaoni: umwandikie mwenye ukurasa, ujibu hadharani, au uhariri mwenyewe?

Tuanze na kosa lenyewe, maana bila kulitazama kwa karibu ulinganisho huu utabaki wa maneno matupu. Ukurasa unafundisha kutengeneza maji ya chumvi na sukari, yaani ORS ya nyumbani, kwa mtoto anayeharisha. Umeandika: maji safi na salama lita 1, sukari vijiko 6 vya chai, chumvi kijiko 1 cha mezani. Maji sawa, sukari sawa. Chumvi ilitakiwa iwe nusu kijiko cha chai. Kijiko cha mezani kinabeba vijiko vitatu vya chai, kwa hiyo mama anayefuata maelekezo yale anatia chumvi mara 6 ya inayotakiwa. Mtoto ambaye mwili umeshakauka akinyweshwa maji hayo, chumvi inazidi kwenye damu, anaweza kuingia degedege na hata kufa. Na kosa lote liko kwenye maneno "1 cha mezani".

Huku kwetu kusini mwa Tanzania mvua zikishika, kuanzia Desemba hadi Aprili, maandishi ya kuhara huanza kuzunguka upya, Mtwara mjini hadi Liwale, hata kama yaliandikwa miaka kadhaa nyuma. Umeliona kosa. Una njia nne: umwandikie mwenye ukurasa pembeni, ujibu hadharani, uhariri mwenyewe pale panaporuhusu, au uripoti kwa wenye mamlaka. Watu hubishana ipi ni bora, wakati hazifanyi kazi moja. Mimi huwa nauliza kwanza: waliokwisha kulisoma wako wapi, na wanaweza kudhurika kiasi gani kabla kesho haijafika? Jibu la hapo ndilo linalochagua njia.

Kwanza, je, ni kosa au limepitwa na wakati?

Hili linavuruga watu wengi. Ukurasa wa mwaka 2015 unaosema mjamzito wa miezi mitatu ya kwanza mwenye malaria isiyo kali atibiwe kwa kwinini haukuwa na kosa siku ulipoandikwa. Ni Novemba 2022 ndipo Shirika la Afya Duniani lilipopendekeza dawa ya mseto, ALu, itumike hata katika miezi hiyo. Kadhalika kurasa za zamani zinazotaja dozi mbili za SP, dawa ya kumkinga mjamzito na malaria: tangu 2012 shirika hilo linashauri SP itolewe kila hudhurio la kliniki kuanzia miezi mitatu ya katikati, dozi zikipishana angalau mwezi mmoja, lengo likiwa tatu au zaidi.

Ukimwandikia mwandishi wa ukurasa kama huo kwamba "umepotosha", umemkosea. Mwambie mwongozo umebadilika na mwaka uliobadilika. Na kabla hujatuma, tazama mwongozo wa Wizara ya Afya, si wa Shirika la Afya Duniani peke yake, kwa sababu mtoa huduma wa zahanati ya Nanyumbu anafuata wa wizara. Tofauti kati ya "umekosea" na "mambo yamebadilika" inaweza kuamua kama utajibiwa au hutajibiwa.

Kumwandikia mwenye ukurasa pembeni

Huyu ndiye mwenye kalamu. Hakuna mwingine anayeweza kulitoa kosa pale lilipozaliwa, na wote watakaotafuta kesho kwenye Google watakuta alichokiacha yeye. Faida ya pili ni kusitiriana. Muuguzi kijana akimsahihisha daktari mkongwe mbele za watu, hata akiwa na haki, mazungumzo yatahamia kwenye adabu yake na chumvi itasahaulika. Ukimfuata mtu pembeni, anakuwa na nafasi ya kusema "asante mwanangu" na kurekebisha bila aibu.

Hasara yake ni ukimya. Kurasa nyingi za vituo na taasisi zinashikwa na kijana wa tehama ambaye si mtabibu, na pengine hayuko hata mkoani. Akipokea ujumbe unaosema "habari zenu za ORS si sahihi, rekebisheni", hana pa kushika. Habari ipi? Mstari upi? Iliyo sahihi inasemaje? Anasema moyoni "nitamuuliza daktari", kazi nyingine zinaingia, basi. Ukimya tunaoulalamikia mara nyingi tumeusababisha wenyewe kwa namna tulivyoandika.

Ujumbe unaofanya kazi unafanana na huu:

"Habari za kazi, ndugu mhariri. Kwenye ukurasa wenu wa kuhara kwa watoto, aya ya tatu, pameandikwa 'chumvi kijiko 1 cha mezani'. Inatakiwa isomeke 'chumvi nusu kijiko cha chai kilichosawazishwa, kwa lita 1 ya maji'. Ilivyo sasa chumvi ni mara 6 ya kipimo na inaweza kumdhuru mtoto. Naomba mstari huo ubadilishwe leo. Kama mhusika ni mtu mwingine, tafadhali mfikishie na uniambie ni nani. Picha ya mstari wenyewe nimeiambatanisha. Mimi ni mfamasia, Masasi."

Tazama kilichomo. Maneno yaliyokosewa yamenukuliwa yalivyo, na maneno ya kuyaweka badala yake yameshaandikwa, kijana wa tehama anayanakili tu. Hatari imetajwa kwa sentensi moja. Hakuna hotuba. Wapo wanaoanza na aya mbili za kumlaumu mwandishi kwa uzembe, na msomaji wa barua haifikii kabisa habari ya kijiko. Kama ni taasisi ya afya, tuma nakala kwa mtaalamu, iwe ni mganga mfawidhi au mfamasia, maana huyo ndiye ataulizwa.

Usubiri kwa muda gani? Kosa la dozi, la dawa isiyofaa mjamzito au mtoto, au la huduma ya kwanza, kwangu mimi ni siku moja, mbili zikizidi. Kosa la mwaka, jina la kijiji au tahajia, subiri mwezi, na lisiporekebishwa usikose usingizi.

Kujibu hadharani

Hapa inabidi kutenganisha vitu viwili ambavyo watu huvichanganya: kujibu chini ya chapisho la wazi la Facebook au YouTube, na kujibu ndani ya grupu la WhatsApp la ukoo, la mtaa au la wakulima wa AMCOS, chama cha ushirika cha mazao.

Chini ya chapisho la wazi, maoni yako yanaonwa na wasomaji wa leo, na hiyo ni faida ambayo barua haina. Lakini kila jibu, hata la kupinga, linaweza kulipandisha chapisho lisambae zaidi. Ubishi wa maoni 80 ni sherehe kwa mwenye chapisho. Ukiamua kujibu, jibu mara moja, weka kilicho sahihi, ondoka. Wasiojulikana wakikutukana, waache waendelee.

Grupuni ni jambo tofauti kabisa. Kule watu wanakujua, wanajua unafanya kazi wapi, na ukisema kitu kinabeba uzito. Chukua ujumbe wa nyoka, ambao hurudi kila msimu wa kupalilia mikorosho: aliyeumwa afungwe kamba juu ya jeraha, achanjwe, anyonywe sumu, awekewe jiwe jeusi. Yote manne yanakatazwa. Kamba inazuia damu na kiungo kinaweza kufa. Kuchanja kunaongeza kutoka damu, na sumu ya baadhi ya nyoka huifanya damu ishindwe kuganda. Ujumbe huu huwezi kumwandikia mwenye ukurasa, kwa sababu hana ukurasa na mwandishi wake hajulikani. Aliyeuleta ni shemeji yako, naye kauokota grupu lingine.

Namna ya kujibu ina tofauti kubwa. Wengi wetu huanza kwa kuurudia uongo: "Si kweli kwamba aliyeumwa na nyoka afungwe kamba..." Anayesoma haraka, simu mkono mmoja na jembe mkono mwingine, anabaki na "nyoka, kamba". Anza na la kufanya: "Aliyeumwa na nyoka: mvueni pete na bangili kabla mkono haujavimba, mlazeni, kiungo kisichezeshwe, msimtembeze, mkimbizeni hospitali. Msifunge kamba wala kuchanja." Hiyo inaweza kunakiliwa na kupelekwa grupu lingine bila mabadiliko, nao ndio mtihani wa sahihisho zuri la grupuni: likisambazwa peke yake, bila kosa lililolizaa, bado lieleweke.

Kuna mambo ya kiufundi yanayosaidia kuchagua. Aliyetuma WhatsApp anaweza kuhariri ujumbe wake ndani ya dakika 15 tu, na kuufuta kwa wote ndani ya siku mbili na kitu. Admini wa grupu anaweza kufuta ujumbe wa mtu yeyote. Kwa hiyo ukiliona mapema, mfuate shemeji pembeni: "Shemeji, ule ujumbe wa nyoka una kasoro, ebu ufute, mimi naweka ulio sahihi." Anafuta mwenyewe, heshima yake imebaki. Siku mbili zikishapita, zungumza na admini. Na mkumbuke kufuta grupu moja hakugusi lingine. Tangu Aprili 2020 ujumbe uliosambazwa mara nyingi unaweza kupelekwa mazungumzo mamoja tu kwa wakati, jambo linalopunguza kasi, lakini anayenakili maneno na kuyabandika upya anapita pembeni ya kizuizi hicho.

Tahadhari mbili za kisheria kwa anayechagua njia ya wazi. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inawagusa wanaochapisha taarifa wakijua ni za uongo, hivyo usimwite mtu tapeli kwa kosa la kijiko, sahihisha kijiko. Na usibandike kadi ya kliniki au cheti cha mgonjwa kama ushahidi. Taarifa za afya ya mtu ni taarifa nyeti chini ya Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, hata ukiwa umeziba jina kwa kidole.

Kuhariri mwenyewe

Hii inahusu Wikipedia na kurasa chache za aina yake. Mvuto wake ni kwamba humwombi mtu. Unabofya Hariri, unaandika, unahifadhi, na kila toleo la nyuma linabaki kwenye historia ya ukurasa, kwa hiyo hata ukiharibu kunarejesheka.

Chukua chikungunya, ugonjwa ambao sisi wa kusini tuna haki ya kuusemea: ulielezwa kitaalamu kwa mara ya kwanza baada ya mlipuko wa 1952 kwenye uwanda wa juu wa Wamakonde, upande wa Newala. Ukikuta mahali pameandikwa mwaka mwingine au nchi nyingine, hariri, weka chanzo, umemaliza. Ni kosa la historia, halimuui mtu.

Lakini tuseme ukurasa huohuo unashauri mwenye homa na maumivu makali ya viungo ameze diklofenaki mara moja. Hapo pana hatari, maana siku za mwanzo chikungunya na dengi hufanana sana, na mwenye dengi akipewa diklofenaki, ibuprofeni au aspirini anaweza kutokwa damu. Hadi dengi iondolewe kwa vipimo, ni parasetamoli na maji ya kutosha. Je, uhariri mwenyewe? Ndiyo, ila usitegemee kuhariri peke yake. Badiliko lisilo na chanzo cha kuaminika linaweza kurudishwa lilivyokuwa na mhariri mwingine wakati umelala, naye akawa na haki, kwa sababu hakujui. Andika pia kwenye ukurasa wa majadiliano kwa nini umebadilisha, kisha rudi kuangalia. Asiye na muda wa kurudi asichague njia hii kwa makosa yanayoumiza.

Kuripoti

Kitufe cha kuripoti cha Facebook au YouTube hakichukui dakika, kwa hiyo kibonyeze, ila usikitegemee sana. Kwa Kiswahili sijaona kikileta matokeo ya kutegemewa.

Mamlaka za hapa nyumbani ni habari nyingine, na zina kazi yake maalumu. Chapisho likiuza kitu, kwa mfano kidonge kisichosajiliwa au kifaa cha "kupima magonjwa yote", barua ya upole kwa mwenye ukurasa ni kupoteza muda. Yeye anajua anachofanya. Hiyo ipeleke TMDA, Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba. Dawa ya asili inayotangazwa kuponya kisukari au UKIMWI, lipo Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala. Piga picha ya skrini, chukua na kiungo chenyewe, maana chapisho linaweza kufutwa kabla malalamiko hayajasomwa. Kwa uvumi wa mlipuko, namba ya bure ya Wizara ya Afya ni 199.

Na wewe mwenye ukurasa?

Huyu naye ana uchaguzi: kufuta ukurasa wote, kubadilisha kimyakimya, au kurekebisha na kuacha maelezo. Hapa sina unyenyekevu: la tatu ndilo.

Julai 2022, Ruangwa, watu walianza kuugua homa, kuumwa kichwa, kuchoka na kutokwa damu puani. Kabla majibu ya maabara hayajatoka, mitandao iliandika "ugonjwa wa ajabu", wengine wakaongeza Ebola na Marburg. Baadaye waziri wa afya wa wakati ule, Ummy Mwalimu, alitangaza kuwa ni homa ya mgunda, leptospirosisi, inayotokana na bakteria walio kwenye mkojo wa panya na wanyama wengine. Wagonjwa walikuwa 20, watatu walifariki. Ebola na Marburg hazikuonekana kwenye vipimo.

Sasa mwenye chapisho la "ugonjwa wa ajabu" afanye nini? Akifuta, nakala zilizokwisha sambaa zinabaki bila mama; anayetaka kuhakiki anafuata kiungo na kukuta hakuna kitu, naye anasema "unaona, wamefuta, wanaficha". Akibadilisha kimyakimya, mtu mwenye picha ya toleo la zamani na mwenye toleo jipya watabishana kwenye boda hadi jioni, kila mmoja akiapa ameona kwa macho yake. Akiandika juu kabisa, si chini, "Habari hii ilichapishwa kabla ya vipimo. Wizara imethibitisha ni homa ya mgunda, inayotibika kwa antibiotiki, na haienezwi kama Ebola. Tumerekebisha aya ya pili na ya nne", ubishi umekwisha na mgonjwa anajua aende hospitali.

Majarida makubwa ya kitabibu nayo yamepitia hapohapo. Makala ya Andrew Wakefield iliyohusisha chanjo ya surua, matumbwitumbwi na rubella na usonji ilitoka katika The Lancet Februari 1998, ikabatilishwa Februari 2010. Miaka 12, na hadi leo kuna wazazi wanaoinukuu. Jarida hilohilo lilichapisha makala ya haidroksiklorokwini na Uviko-19 tarehe 22 Mei 2020, waandishi wakaiondoa 4 Juni, siku 13. Makala zote mbili hazikufutwa kana kwamba hazikuwahi kuwepo. Zinasomeka zikiwa na alama kwamba zimebatilishwa. Kurasa zetu zinaweza kufanya hivyohivyo bila gharama yoyote.

Kubadilisha kimyakimya nakuruhusu kwa tahajia, koma na namba ya simu iliyobadilika. Kikiguswa kipimo, dawa, umri au dalili ya hatari, andika kilichobadilika na tarehe.

Ipi kwa nani

Kwa kosa la kijiko tulilolianza, mtoa huduma wa zahanati au muuzaji wa duka la dawa muhimu afanye mawili siku hiyohiyo: barua kwa mwenye ukurasa, na sahihisho lenye kujitegemea kwenye magrupu anayojua limefika. Asisubiri jibu la barua ndipo aende grupuni. Hapo hapo awaambie akina mama wanaokuja dirishani kwamba pakiti ya ORS ya lita 1 ipo, inapatikana na zinki, na ni salama kuliko kubahatisha vijiko. Chupa nyingi za maji tunazookota kupimia ni za lita 1 na nusu, hilo nalo liwekwe wazi.

Mwanafunzi wa chuo cha afya, mwenye bando na subira, ndiye wa Wikipedia. Hana jina la kupoteza na anajua kutafuta vyanzo.

Mtangazaji wa redio ya jamii aliyeisoma ile habari hewani asahihishe hewani, katika kipindi kilekile na saa ileile. Wasikilizaji wake wa Tandahimba na Kilwa hawakuona ukurasa wowote, kwa hiyo barua kwa mwenye ukurasa haiwasaidii kitu.

Mwalimu, mzazi, au mtu yeyote asiye wa afya ambaye ameshtuka tu kwamba kipimo hakikai sawa asihariri wala asijibu bado. Apige picha ya skrini, aionyeshe kwa mhudumu wa zahanati au apige 199, na wakati huo aache kuusambaza. Akithibitishiwa, sampuli ya barua iko juu hapo. Abadilishe jina la ukurasa, mstari na kazi yake, atume.